Mahari ya Hisa za Nyongeza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki hata nikifumba macho. Ndugu wawili wa mke wangu waliingia uani kwetu Mtopanga asubuhi, watu hawajaenda makazini. Mke wangu Kadzo alikuwa anatwanga mahindi, mtoto wetu Dama kamfunga mgongoni. Nikawaletea mashemeji viti. Hawakuvitaka. Mgeni anayekataa kiti hakuja kwa heri.

Mkubwa wao, Karisa, akatoa ndani ya shati kifurushi cha karatasi kilichofungwa kwa uzi wa mkonge, akakiweka chini miguuni pangu.

"Shemeji," akasema, "ng'ombe wako wa mahari ndio hawa. Baba amesema tukurudishie. Hawalii, hawanywi maji, hawazai. Tumewafuga miaka miwili, wamenona vumbi tu."

Nikacheka. Kwetu mashemeji hutaniana, nikadhani ni utani. Karisa hakucheka. Akamgeukia dada yake, akamwambia, "Kadzo, funga nguo zako. Na za mtoto."

Kadzo akaniangalia mimi. "Kazungu," akasema, "sema neno."

Nililitafuta hilo neno, mwanangu. Mpaka leo nalitafuta. Wakatoka naye, njia ya Utange, kwa baba yake, na Dama akawa ananichungulia juu ya bega la mama yake, anacheka, maana mtoto akitembezwa hufurahi. Mchi ulibaki umesimama ndani ya kinu.

Karatasi zile zilikuwa hisa. Zamani zile tulisema sheya. Nayaandika haya kwa sababu siku hizi nawasikia vijana kama wewe kule Changamwe, kwenye matangi ya mafuta, wakipeana mikono na kusema, "Kampuni imetupa hisa za bure." Nikisikia neno hilo, bure, natamani kuwashika mkono niwaambie wangoje. Mimi shule yangu iliishia darasa la tatu, na kalamu hunichosha kuliko jembe. Lakini haya nayajua, maana niliyalipia.

Vita vikubwa vilipokwisha, tulirudi nyumbani na kiinua mgongo cha jeshi. Kila mtu alikuwa anatafuta la kufanya na fedha ile kabla haijamtoka. Ndipo Danieli Baya aliposimama nje ya kanisa, baada ya ibada, akatuhutubia. Danieli alikuwa mwalimu wa zamani na mhubiri, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni.

"Ndugu zangu," akasema, "nazi ni zetu, muhogo ni wetu, makuti ni yetu. Mbona lori la kuvipeleka sokoni kisiwani ni la watu wengine? Mpaka lini? Haba na haba hujaza kibaba."

"Amina!" tukaitika, kama vile ni mahubiri.

Tukaunda kampuni. Mwenyekiti Danieli Baya. Karani Elija Fondo, aliyekuwa karani wa stoo jeshini, mwenzangu tuliyelala naye hema moja na kugawana sigara moja. Nayataja majina yao waziwazi. Wamefichika miaka mingi nyuma ya neno "kampuni", na kampuni haina uso wa kuona haya. Kila sheya ilikuwa shilingi ishirini. Mimi nilinunua kumi. Fedha zikanunua lori moja lililoachwa na jeshi, likawa linapanda na kushuka, Utange, Mtopanga, daraja la Nyali, kisiwani, limejaa nazi mpaka juu.

Mwaka wa kwanza tuligawiwa faida, shilingi mbili kwa kila sheya, fedha mkononi. Hilo ndilo mnaloliita gawio. Nikamnunulia Kadzo leso, tukiwa bado wachumba, nikaona nimekuwa mtu.

Mwaka wa pili tulikutana tena pale pale nje ya kanisa. Elija akasimama na bunda la karatasi mpya.

"Mwaka huu hatugawi fedha," akasema. Watu wakaguna. Akainua mkono. "Ngojeni. Kampuni inawapa kikubwa zaidi. Faida inabaki ndani, kampuni ikue. Na kila mwenye sheya moja, anapata nyingine moja juu yake. Bure."

Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wakapigana mabega. Sheya zangu kumi zikawa ishirini, na kila moja imeandikwa shilingi ishirini kwa herufi nene. Nilizihesabu njiani, nikazihesabu nyumbani. Danieli akatuombea, tukatawanyika tukiimba.

Usituone wapumbavu, mwanangu. Elewa tulivyofikiri. Kwetu huku mnazi na ardhi ni vitu viwili. Mtu aweza kuwa na minazi yake ndani ya shamba la mwenziwe. Ataiuza, ataiweka rehani, ataitoa mahari, na mwenye ardhi hana neno. Na nazi ikianguka ikachipua, mche ule ni mali mpya. Ukiutoa kumpa mtu, mnazi uliouzaa unabaki na madafu yake yote. Basi sisi tuliposikia sheya imezaa sheya, tukaona miche. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Tulikwenda nayo kutoka shambani mpaka kwenye karatasi, na Elija alituona tunakwenda, akatuacha twende.

Wakati huo nilikuwa nimekwama. Baba yake Kadzo, Mzee Yakobo Jefa wa Utange, alikuwa mzee wa kanisa. Alikataa mahari ya kienyeji ya tembo la mnazi, ambalo kwetu twaliita uchi. "Uchi hauingii mlangoni kwangu," alisema. Ng'ombe pia hakuwataka, hana pa kuwalisha. Alitaka shilingi mia mbili, au kitu cha thamani hiyo ambacho Mkristo aweza kukipokea bila aibu. Sikuwa nazo. Na Elija huyo huyo ndiye aliyekuwa mshenga wangu, anayekwenda na kurudi kati yangu na Utange.

Siku moja akanijia anatabasamu. "Kazungu, unalia nini na mali unayo? Toa zile sheya kumi za nyongeza. Kumi mara ishirini ni mia mbili. Wewe utabaki na kumi zako kama ulivyokuwa."

"Kama nilivyokuwa?"

"Kama ulivyokuwa, ndugu yangu. Huna unachopunguza."

Tukaenda Utange. Mzee Yakobo alizishika zile karatasi kwa vidole viwili kama anashika kifaranga, akamwuliza mshenga, "Na hizi zinafanya nini?"

"Mzee," Elija akasema, "hizi ni kama minazi kumi. Kila mwaka unaangua shilingi mbili mbili. Na hii haina kima wa kuiba madafu, wala haimtaki mgema."

Mzee Yakobo akacheka mpaka akafuta macho. "Minazi isiyo na mgema! Hiyo ndiyo minazi ya Mkristo."

Mtu mmoja tu ndiye aliyetia neno. Mjomba wangu Katana, ndugu ya mama, alikuwa mgema, na kanisani hakukanyaga maisha yake yote. Siku tuliyokuwa tunajiandaa, mimi na Elija, kwenda Utange kupokelewa rasmi, alikuja na kisu chake cha kugemea kiunoni, akakaa kizingitini.

"Nasikia lori lenu limezaa," akasema.

"Si lori, mjomba, ni sheya."

"Lori ni ngapi sasa?"

"Moja."

"Na kabla ya kuzaa?"

"Moja, mjomba."

Akatingisha kichwa. "Mimi nikitia maji kwenye tembo, wallahi, kibuyu kimoja huwa viwili. Lakini kulewa ni kule kule. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ni kweli, hutia. Ila mimi kabla sijatia huangalia kama mnywaji amekwisha lewa. Huyu karani wenu anawatilia maji mkiwa wazima, mchana, na mnampigia vigelegele!"

Tukaangua kicheko. Elija ndiye aliyecheka zaidi. Nami, kwa ule ujana wangu na darasa langu la tatu, nikasema, "Mjomba, haya ni mambo ya waliosoma."

 Aliinuka, akaenda zake kugema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nasema tena, huvunjika guu, na lililovunjika si langu peke yangu.

Tulifunga ndoa. Kadzo alikuwa mtu wa maneno machache na mikono myepesi, mwenye kucheka kwa pua. Alilima muhogo nyuma ya nyumba, jioni akinisimulia nani kagombana na nani kisimani. Nisiseme mengi juu yake. Mwaka uliofuata alikuwa ananyonyesha Dama wakati kampuni ilipotuita tena kugawana faida, fedha mara hii, na Mzee Yakobo akaja kwa miguu kutoka Utange, kavaa koti, kuja kuangua minazi yake.

Elija akamhesabia shilingi kumi.

"Bado kumi," Mzee akasema, mkono ameuacha wazi.

"Ni hizo, mzee. Mwaka huu ni shilingi moja kwa sheya."

"Ulisema mbili."

"Zilikuwa mbili zamani, kabla ya nyongeza. Sasa sheya zimekuwa mara mbili, na lori ni lile lile. Mzee, ukiwa na boflo moja, mkate mzima, ukaikata vipande kumi, halafu ukaikata vipande ishirini, boflo imekuwa mbili?"

Watu wakacheka. Walicheka, mwanangu, na wao vipande vyao vilikuwa vidogo vile vile! Mzee Yakobo akasimama kati yao na koti lake.

"Kwangu ulisema minazi," akasema taratibu.

"Nilisema kama minazi, mzee. Sikusema ni minazi."

Nami nikajipenyeza mbele. "Na mimi, Elija? Uliniambia nitabaki kama nilivyokuwa."

"Ulikuwa na kumi, unazo kumi," akajibu. "Nimekudanganya wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimesimama na jua la utosi. Kumi zangu za kwanza na kumi za nyongeza zilikuwa kitu kimoja. Ile sehemu yangu ya lori ilikuwa imekatwa katikati ikaitwa ishirini. Nilipotoa kumi sikutoa mche. Nilipasua mnazi wangu, nikatoa nusu, na hata nusu hiyo haikuwa shilingi mia mbili alizodhani Mzee Yakobo anapokea. Tulipunjwa wote wawili kwa karatasi zile zile, mkwe na mkwewe, na aliyetukutanisha alijua hesabu ya boflo tangu mwanzo. Maana asingeieleza vizuri vile kama angejifunza siku ile.

Mzee Yakobo alivumilia mwaka. Mwaka uliofuata lori lilikufa injini njiani, limebeba makuti. Tukasema, si kitu, ile faida iliyobaki ndani ya kampuni itatengeneza injini. Tukaenda kuiuliza. Haikuwepo. Mwenyekiti na karani walikuwa wamejilipa posho kila mwezi, fedha taslimu, kwa kazi ya kutuongoza. Sisi walitupa karatasi. Mwaka ule ule wa vigelegele, Danieli Baya aliezua makuti akaezeka mabati, nasi tukampongeza. Mwaka ule ule Elija Fondo alimlipia ndugu yake mahari, ng'ombe walio hai, wenye pembe, na mimi nilikuwa mmoja wa waliowaswaga. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lori likauzwa kipande kipande. Sheya zikawa hazifungi hata njugu dukani. Ndipo Karisa akaja asubuhi ile.

Kadzo alipoondoka nilikwenda moja kwa moja kwa Elija. "Wewe ndiwe mshenga," nikamwambia. "Penye kuharibika mshenga huitwa. Twende Utange ukawaeleze."

"Kazungu, wale watanipiga."

"Basi tupigwe wote wawili."

"Wewe una sababu ya kupigwa," akasema. "Mke ni wako."

Nilikwenda peke yangu. Nikamwamkia Mzee Yakobo, shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuniangalia. Mchungaji alikuwa amekwisha kumwambia kwamba ndoa ya kanisani haivunjiki. Naye akajibu kwamba hajaivunja, amemweka binti yake nyumbani amngojee mwenye kulipa. "Sina ugomvi nawe," akaniambia. "Lakini watu wananiuliza njiani kama nimeoza mtoto kwa kipande cha boflo. Niletee mia mbili, umchukue mkeo leo hiyo hiyo."

Nikaenda Changamwe kuwa kibarua. Nilibeba mapipa mpaka mabega yakaota sugu. Kadzo aliniletea habari za Dama kwa watu wanaopita: ameanza kutembea, amejua kusema maji. Nilipopata nusu ya fedha nilifunga safari ya Utange kuwaomba waipokee, na nusu nyingine nije nayo baadaye. Ilikuwa masika. Nilipokaribia nikaona mikeka imetandikwa na watu wamekaa kimya. Homa ilikuwa imemchukua Kadzo, wamemzika jana yake. Walimzika kwao, kama binti wa Jefa, si kama mke wa Kazungu. Karisa akanionyesha pa kukaa. Ulikuwa mkeka wa majirani. Nikakaa.

Dama alilelewa na mjomba wake. Akakua na jina la Jefa, na alipochumbiwa, mahari yake ilipokewa na Karisa. Sina lawama juu ya Karisa, alimlea. Dama tukikutana huniamkia vizuri sana. Huniita Mzee Kazungu.

Sasa, mwanangu, sikiliza la mtu aliyeunguzwa. Hisa za nyongeza si zawadi, na wala si wizi zenyewe. Ni kukata. Kampuni ikikuambia imekupa hisa juu ya hisa, imekuambia jambo moja tu, kwamba faida haikutoka, imebaki ndani. Basi usipige vigelegele kabla hujauliza imebaki wapi. Wakuonyeshe lori la pili, wakuonyeshe mashine, wakuonyeshe fedha benki. Zipo kampuni za watu waaminifu zinazobakiza faida na kuikuza, na mwenye subira huko hula mbivu. Lakini kama lori ni moja jana na moja leo, jua ulichoongezewa ni vipande. Usidanganyike na namba iliyochapwa juu ya karatasi. Hiyo ni ya kuchapwa tu. Bei ni kile ambacho mtu mwingine atakulipa mchana kweupe, na hisa zikizidi bila mali kuzidi, bei ya kila moja hushuka. Ukitaka kuuza za nyongeza au kuzitoa, uza ukijua kwamba unakata katika zako za mwanzo, hakuna zilizo pembeni. Na watazame wakubwa wa kampuni. Wewe unapopewa karatasi, wao wanapewa nini? Mkila karatasi wote, vumilia nao. Wakila wao fedha, ondoka. Na asiwe mtu mmoja ndiye anayekueleza mali na ndiye anayekupatanisha na anayeipokea. Na ukiwa na mjomba mgema, mpe kiti.

Mungu akujalie jasho lenye malipo, na nyumba ambayo hakuna atakayeingia asubuhi kuibomoa. Ukioa, mkeo azeeke mikononi mwako. Watoto wako wakuite baba, mbele ya watu, kwa sauti. Amina.

Danieli Baya amekufa, naye ana wa kumjibu. Lakini wewe, Elija Fondo, u hai. Unakaa Likoni, upande wa Shelly Beach, ndani ya nyumba ya mawe, na wajukuu wako wanakuita babu. Ulijua boflo ni moja siku tulipopiga vigelegele. Ulijua siku ulipokaa kwa Mzee Yakobo na kumchekesha. Kazi ya ushenga uliianza na hukuimaliza. Panda feri uje huku bara ya kaskazini, nitakupokea mwenyewe, sitakugusa. Tutakwenda kwa Dama pamoja. Ukae mbele yake, umwambie ni kwa nini mama yake alirudishwa Utange, na umjibu hili nililokuuliza mimi miaka yote hii nisipate jibu: ile faida uliyotuambia imebaki ndani, Elija, ilibaki ndani ya nani?